Msimbo wa Posta

Alikuja Jumanne, mvua ikimchuruzika utosini,
leseni kaishika kwa vidole viwili
kama picha ambayo wino wake haujakauka.
Filomena Capuozzo, miaka kumi na tisa,
duka la dawa, zamu ya usiku.
Gari? Panda la marehemu babu, jeupe,
mlango mmoja wa buluu. Jina tu Panda;
kilima halikipandi.
Ajali? Hajapata hata nafasi ya kuipata.

Nikaandika jina. Kompyuta ikanyamaza.
Nikaandika umri. Ikakohoa.
Nikaandika msimbo wa posta wa Ponticelli,
tarakimu tano,
na hapo ndipo kitu kilipopanda:
euro elfu tatu, mia moja na themanini kwa mwaka.

Panda lenyewe, mnunuzi akiwa mkarimu, ni mia tisa.

"Nimekosa nini?"

Majibu ninayo, mshahara wangu ni kuwa nayo.
Nikamwambia: kwenu kioo cha pembeni
kikilala nje hakiamki.
Kwenu wapo wanaogongana kwa miadi
wakashuka wameshika shingo,
na cheti cha daktari kina tarehe ya jana.
Wengine bima hawakati kabisa, na deni lao
huzunguka mtaani likitafuta mlango ulio wazi.
Mlango ulio wazi ni wako,
wewe uliyekuja mwenyewe kupiga hodi.

Samaki mmoja akioza.
Kampuni haisemi hivyo.
Kampuni husema: takwimu.

"Binamu yangu Loredana yuko Bolzano," akasema.
"Anaendesha kama anayefukuzwa na nyuki.
Kaingia na gari kwenye duka la mikate.
Analipa mia sita."

Nikacheka. Kisha, kwa mzaha tu, naapa,
nikaifuta Ponticelli, nikaandika Bolzano.
Namba ikateremka. Umri uleule,
Panda lilelile, mlango uleule wa buluu,
mkono uleule uliolowa juu ya meza yangu.
Tukaitazama sote wawili
kama watu waliochungulia chumba cha wenyewe.

Nje mjomba wake, Sabatino, alikuwa akimngoja
ndani ya gari lenye namba za Poland.
Sabatino hajawahi kufika Poland.
Gari ndilo lenye uraia; yeye ni mgeni wake.
Akapiga honi mara mbili,
maana yake: toka huko, njia nyingine ipo.

Sikumwambia kwamba mimi pia naishi Ponticelli,
jengo la pili baada ya stesheni,
na kwamba miaka ishirini na miwili
nimewauzia watu bima ya magari
nikija kazini kwa treni.

Kidole changu kilikuwa bado juu ya kitufe.

"Rudisha," akasema.
"Rudisha nini?"
"Mtaa wangu."

Akalipa miezi sita. Noti ndogondogo,
zilizonuka dawa ya kikohozi.
Nilizihesabu mara mbili, si kwa kutomwamini.

Ijumaa usiku nikaliona kwenye njia panda yetu.
Taa ilikuwa nyekundu. Hakuna gari lililokuja
kushoto wala kulia, hakuna askari, hakuna paka.
Nyuma yake watu sita walikuwa wamelalia honi,
wakimtukania mama, bibi, na babu aliyeliacha gari.

Filomena alikuwa amesimama,
mikono yote miwili kwenye usukani,
akisubiri kijani.