Heri Kujikwaa Ulimi

Faili lina gigabaiti mbili na ushei.
Simu ya Helve, kisiwani Ruhnu,
haimezi zaidi ya megabaiti arobaini.
Ukiilisha zaidi inazunguka, inazunguka,
kisha inatema.

Mimi niko Tartu, saa tano usiku,
na programu ya kubana video, na chai iliyopoa.
Mama amelala chumba cha pili.
Mchana alivaa blauzi nyeusi ili mikono ionekane,
akaketi mbele ya kamera dakika tisa
akamwambia dada yake jambo alilolificha
miaka kumi na tisa.

Wote wawili ni viziwi tangu utotoni.
Mimi ndimi niliyezaliwa nikisikia,
mkalimani wa bure wa ukoo mzima:
benki, hospitali, na sasa hili.

Kwanza najaribu chaguo la wavivu, "Ndogo, kwa simu".
Fremu kumi na mbili kwa sekunde.
Nabonyeza. Nangoja. Natazama.
Uso umetoka safi, hata kidoti cha shavuni kipo,
lakini mikono imekuwa uji.
Na pale dakika ya sita, anapofikia cherehani ya bibi
(alama yetu ya nyumbani, haimo katika kamusi yoyote,
kidole kinadonoa kama kuku),
kidole kile kilipaswa kugeukia kifuani: nilikosa.
Kati ya fremu moja na ya pili kimepotea.
Kinaibuka kimenyooka kuelekea kamera:
ulikosa.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole
kuliko kujikwaa ulimi.
Hawakuwahi kula mezani kwetu.
Ulimi hauna mfupa;
mkono una mifupa ishirini na saba
na mama hutamka kwa yote.

Naanza upya.
Fremu hamsini, hapo sishuki.
Upana nashusha, nashusha tena,
mpaka maua ya karatasi ya ukutani yanakuwa madoa.
Sawa. Maua hayasemi kitu.
Kasi ya biti naipa mipito miwili,
programu ipime kwanza ndipo ikate,
kama fundi aliyeletewa kitambaa kifupi.
Kingo nazo nazipunguza: dirisha litoke,
jiko litoke, paka aliyelala kitini atoke.

Imebaki sauti.
Nani anaihitaji? Mtumaji haisikii, mpokeaji haisikii,
megabaiti nne zimekaa bure.
Navaa vidude vya masikioni, nisikilize mara moja tu.
Kiti kinalalamika. Pumzi.
Kiganja kinapiga meza kila linapotajwa jina la Helve.
Halafu, kwenye cherehani, sauti asiyojua kuwa anaitoa,
nyembamba, inapanda, inakatika
kama uzi unaopita kwenye sindano butu.
Nimeishi naye miaka thelathini na minne.
Sikuwahi kuisikia.

Naondoa alama ya vema kwenye kisanduku.
Sauti naihifadhi peke yake
katika folda ambayo sijaipa jina.

Dakika kumi na moja. Mstari wa kijani unatambaa,
unasimama kwenye asilimia sitini na mbili
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani,
unaendelea.
Megabaiti thelathini na tisa nukta tatu.
Natuma, nalala na nguo.

Asubuhi jibu limefika.
Helve kaegemeza simu kwenye chupa ya maziwa,
giza, nusu ya kichwa imekatwa,
mkono mmoja tu unaonekana.
Cherehani hajaigusa kabisa.
Anauliza: paka mmemtolea nini?
Nimeona mkia.

Mama anacheka mpaka anashika meza.
Anaitazama tena, na tena,
mara ya nne hacheki, anaukaribia ule mkono.

Nafungua programu.
Nauvuta ukingo wa kushoto,
kidogo, kidogo zaidi,
mpaka paka aenee.