Robo Mzunguko

Chupa ilifika Igombe ndani ya soksi mbili za sufu,
imeviringishwa gazeti ambalo hakuna aliyeweza kulisoma.
Kifuani pake, maandishi ya dhahabu: Familia Vauquelin,
na chini yake nyumba ndogo, na mistari ya mizabibu
imenyooka kama matuta ya viazi ya Ukerewe.
"Vokile," akasoma mama.
Likawa ndilo jina lake.

Barua ya Lushinge ilikuwa fupi, kama simu ya mtu mwenye salio dogo.
Mama, nafanya kazi chini ya ardhi, kwenye handaki la chokaa,
baridi hata mwezi wa nane.
Mwenye shamba, mkewe, binti zao wawili, na mimi.
Divai inachachuka mara ya pili humohumo chupani.
Tunazilaza chupa kichwa chini kwenye mbao zenye matundu
na kuzigeuza kwa mkono, robo mzunguko, kila siku,
mpaka mashapo yote yashukie shingoni.
Ni kama wewe na dagaa.

Akanirudishia karatasi nisome tena pale penye dagaa.

Mama ni wa AIC, kwaya ya akina mama, sauti ya pili.
Pombe haijavuka kizingiti chake tangu baba azikwe.
Vokile akamweka kabatini, kati ya sahani za harusi
na birika lisilo na mfuniko.
Asubuhi, kabla ya kwenda kwenye mawe,
nilimwona akifungua kabati, akaishika ile shingo
kama ashikavyo kuku anayemhurumia,
akaigeuza. Robo.

Nikamwambia: mama, kazi hiyo walishaimaliza hukohuko,
mashapo yametolewa, kizibo kimefungwa kwa waya.
"Wewe," akasema, "umewahi kuanika?"

Nimeanika. Najua siku za giza dagaa huja ndoo kwa ndoo,
najua saa nne lazima wageuzwe, na saa saba tena,
na ukizembea, upande mmoja unabaki mbichi
na mnunuzi wa Kirumba anaunusa kabla hujashusha gunia.
Nikanyamaza.

Miaka mitatu. Robo, robo, robo.
Lushinge akatuma picha: binti mdogo wa Vauquelin
amesimama karibu naye,
karibu kuliko kibarua na mtoto wa tajiri wanavyosimama.
Kisha picha ya kichanga.
Kisha lile neno "nikirudi" likakoma kwenye ujumbe wake
bila mtu kulifuta.
Mama alikaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima chenyewe.
Kesho yake aligeuza nusu nzima.

Siku aliyomaliza deni la kikoba, lile la chanja za waya,
alisema mwenyewe: "Mtoeni Vokile."
Tukamlaza kwenye kasha la barafu la Mabula
katikati ya sangara wawili, macho wazi,
saa nzima.
Mabula alisokota waya kama anafungua bomba la jirani.
Kizibo kikaruka, kikagonga bati, kuku wakatawanyika,
na robo ya povu ikanywewa na mchanga.
Sisi tulikunywa kwa vikombe vya chai.
Mabula akakunja uso: "Wanzuki iliyosahau asali."
Akaongeza.

Mama alipokea chake. Hakukipeleka mdomoni.
Alinusa. "Mkate," akasema.
Kisha akakiweka sikioni, macho kafumba,
na sote tukaacha kutafuna.
"Ndio wao," akasema. "Dagaa, saa saba, juu ya jiwe,
wanapoanza kukauka."
Akakaa hivyo mpaka kikombe kikanyamaza.
Kilichobaki akakimimina kwenye shina la mpapai.

Chupa tupu ameirudisha kabatini.
Jana ile nyumba ya dhahabu ilitazama mlango.
Leo inatazama sahani.