Hesabu Nyuma ya Bahasha

Bahasha ya halmashauri, barua yake bado imo ndani.
Nyuma ni nyeupe, na karatasi nyeupe humu hatuitupi.
Saa kumi jioni Coventry imeshafumba macho,
dirisha la jikoni linatoka jasho.
Nimekaa na penseli ya Makame, iliyotafunwa kichwa.
Naanza na kinachoingia, maana ni kifupi.

Mkopo wa chuo, nikiugawa kwa miezi: mia tano na arobaini.
Jumamosi zangu za duka la mikate,
nisipougua, Bi Maureen asiponipunguzia zamu: mia mbili na arobaini.
Jumla mia saba na themanini.
Nimeipigia mstari mara mbili,
kana kwamba mstari wa pili unaongeza kitu.

Kisha kinachotoka.
Chumba kiko Canley, dakika ishirini kwa miguu hadi maktaba.
Juzi nilikwenda kukitazama na Ffion:
kitanda, meza, kabati lisilofunga,
na mlango.
Niliufunga. Nikaufungua. Nikaufunga tena.
Ffion akauliza kama kitasa ni kibovu.
Nikamwambia nakijaribu tu.
Sikumwambia kwamba tangu nizaliwe
sijawahi kuwa nyuma ya mlango peke yangu
ila chooni, na huko nako Makame hugonga.

Mia nne tisini na tano za mwenye nyumba.
Umeme na gesi, sabini.
Chakula mia moja na thelathini. Hapo nimejidanganya:
nimehesabu maharage ya kopo na mikate iliyododa dukani,
sikuhesabu siku ya kutamani samaki.
Simu kumi na mbili. Vitabu ishirini na nne.
Nauli nimeifuta, na kuifuta kumenipa raha
kuliko chochote mwaka huu:
mabasi mawili kwenda, mawili kurudi,
nadurusu mishipa ya moyo, kichwa kikigonga kioo.

Halafu zile themanini
ninazoziweka chini ya kopo la sukari kila mwisho wa mwezi
bila kusema,
naye mama huziokota bila kusema,
mita ya umeme ikala.

Mia nane kumi na moja.
Pungufu thelathini na moja.

Na yapo yasiyokubali kuandikwa.
Nani atamsomea barua za hospitali,
akae kwenye simu dakika arobaini akisikilizishwa kinanda
hadi mtu aseme halo?
Nani atakuwa macho saa kumi na mbili alfajiri
anaporudi kutoka kwa wazee wa watu
aliokesha akiwageuza ubavu,
amwambie, chai ipo, kalale?
Na fomu inataka mdhamini, mwenye mshahara
ambao ukoo wetu wote mjini hapa tukichanga hatuufikii.
Mjomba Khatibu kasema atafikiria.
Mjomba hufikiria polepole.

Nikaenda kulala, bahasha nikaisahau mezani.
Au sikuisahau.

Asubuhi naikuta imeegemezwa kwenye kopo la sukari.
Mama kaipitia kwa kalamu ya kazini, ya bluu,
herufi zake zimelala upande mmoja kama zimechoka.
Kwenye chakula kafuta, kaandika mia moja na hamsini,
pembeni: *mikate ya jana hailei mtu.*
Zile themanini kazikata. Kazikata tena,
karatasi ikachanika kidogo.
Chini kabisa: *Makame ana miaka kumi na mitatu.
Atajifunza kusoma barua.*

Hajaandika nenda. Hajaandika kaa.
Viatu vyake vya kazi viko mlangoni, vimelowa,
na chumbani namsikia anakoroma.

Narudia hesabu. Mia saba hamsini na moja.
Zimebaki ishirini na tisa, zangu,
na mita ya ukutani inasoma pauni tatu na senti.

Naigeuza bahasha.
Mbele pana jina lake, wamelikosea herufi moja kama kawaida,
na ndani barua
sijamsomea.