Ovaroli ya Selvam

Ijumaa, soko la Wadi Kabir, jua halijapata nguvu,
Mbaluchi mmoja kamwaga nguo juu ya turubai,
suruali zimelalia mashati
kama watu waliochoka kuulizana habari.
Nikaivuta kwa mguu mmoja:
ovaroli ya buluu, buluu iliyopigwa na jua
hata magotini ikawa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji.
Riyali moja, akasema. Nikasema nusu.
Akanitazama viatu, akanitazama abaya,
akasema chukua, mtoto wa watu, sijui waitakia nini.

Hata mimi sikujua.

Mgongoni ina nembo ya kampuni, winchi na herufi tatu,
na ndani ya ukosi, kwa kalamu ya wino mnene,
mtu kaandika SELVAM,
kisha namba ya chumba, 14.
Nimeifua mara tatu. Saruji imetoka mifukoni
chengachenga, ikaziba tundu la sinki.
Selvam hakutoka.

"Nguo ya kuazima," kasema Mama toka jikoni,
nusu ya pili akaniachia niimalize mwenyewe.
Sikuazima, Mama. Nimenunua.
"Basi umenunua aibu kwa fedha taslimu."
Kabati langu limejaa, kweli: magauni ya Idi
yenye shanga za Dubai, yote mkato mmoja,
nikiyavaa nafanana na binamu zangu saba
na yule mwanasesere wa dirishani, duka la Seeb.

Usiku, baada ya Isha, napanda darini.
Julai. Hewa nzito kama blanketi lililoroa,
viyoyozi vya mtaa mzima vinatiririsha jasho lao.
Natandika gazeti, nafungua vikopo:
nyeupe, kahawia, manjano kidogo.
Winchi naifunika. Juu yake namchora mbuzi,
yule wa Al Khoud anayepanda boneti la Landikruza ya jirani
akatafuna boksi la tende
huku akiwatazama watu kama mwenye nyumba.
Pembe ya kushoto imenishinda, imetoka kama ndizi.
Nimeiacha.
Magotini sikupaka kitu.
Pale mtu alipiga magoti kazini, sijui miaka mingapi;
brashi yangu ingesema nini?

Asubuhi napiga pasi juu ya kitambaa ili rangi ishike,
kisha naanza ukosi, kwa uzi mwekundu.
Mama kaja na miwani yake.
"Unashona au unafunga gunia?"
Vidole hivyo vimeshona kofia tangu Wete,
kila kitobo kimezungushiwa uzi mpaka kikawa jicho.
Akaninyang'anya. Akaufunua ukosi.
"Selvam ndo nani?"
Mwenye nguo.
"Unamjua?"
Simjui.
Akabaki ameishika hivyo, chai yake ikapoa.
Halafu akatunga uzi mweupe, mara mbili akakosa tundu la sindano,
akalizunguka jina, herufi kwa herufi,
vitobo vidogo vidogo kama vya kofia ya bwana harusi,
bila kuligusa.
"Sasa hii nguo," akasema.
"Ila kwa shangazi yako usiende nayo."

Jana nimeivaa, mikono nimeikunja, mtandio wa Mama kichwani.
Kituo cha basi Ruwi, saa kumi na moja jioni,
wakashuka watu watatu, buluu ile ile,
winchi ile ile na herufi tatu.
Mmoja akamwona mbuzi. Akawagusa wenzake.
Kicheko chao sikuweza kukipima.
Nilitaka kuuliza chumba namba kumi na nne.
Kiarabu changu kikakwama, Kihindi sina.
Nikageuka tu, nikawapa mgongo,
nikasimama wima, wamwone vizuri.