Maelezo Mafupi Kuhusu Chuo

Mwaka wa kwanza, karibuni.
Kijitabu mlichopewa getini kinasema:
ekari elfu sita, vitivo saba,
maktaba ya ghorofa nne, kisima kirefu kuliko vyote Dodoma.
Si uongo. Nami hukisoma hivyohivyo,
na fulana ya chuo, na kipaza sauti kinachokoroma.

Ila hapa, mbele ya maabara ya udongo, punguzeni mwendo.
Hapa palikuwa shamba la uwele la Foibe Chilongani.
Fomu ya fidia ilimhesabia
migunga kumi na moja,
zizi moja,
tembe moja, bovu,
kaburi moja, lihamishwe.
Uwele haukuandikwa; ulikuwa umeshavunwa.
Akatia dole gumba. Wino ulikaa siku tatu,
na siku tatu bibi alikula mlenda kwa mkono wa kushoto
asije akaumeza mkataba.

Kaburi tulihamisha mimi na baba.
Tulichimba nghuluhi, udongo mwekundu, kiangazi umekuwa tofali,
tukakuta shanga mbili na kigae cha kibuyu.
Basi.
Mengine yote yalishakuwa shamba.
Tukajaza udongo debe moja, tukalizika debe
ng'ambo ya korongo. Mchungaji alisoma sala yote,
hakuruka hata mstari.

Miaka tisa baadaye chuo kikaniajiri:
kuchekecha sampuli, kubandika namba.
Wiki ya kwanza ukaja mfuko
uliochimbwa hapo mlipokanyaga, wewe mwenye begi la bluu.
Dokta Nyemo, kijana msikivu, akaandika:
Rutuba ya wastani. Fosforasi imezidi kiasi.
Sababu haijulikani.
Nikainamia mizani. Gramu hamsini, kamili.
Sikusema kitu. Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi sita.

Jioni nilimweleza bibi.
"Hiyo foso nini, inaliwa?"
Uwele unaila, nikamwambia. Inatoka kwenye samadi. Kwenye mifupa.
Akaendelea kupeta, ungo ukipanda na kushuka,
makapi yakimwendea jirani.
"Kumbe babu yako yumo kazini bado."
Akapuliza ungo.
"Wanamlipa?"

Haya, tusogee, jua hili halina huruma.
Kushoto kwenu ni bwalo. Chakula ni saa saba.
Wali upo kila siku;
ugali wa uwele ni Alhamisi tu,
na huwa unawahi kuisha.