Malio ya Kiko

Bibi Kalunde alishuka basi la Sikonge
na buyu lililopasuka, kalifunga ndani ya khanga.
Hakungoja salamu. Alilitua mezani pangu
juu ya vipande vya dirisha la mtu, akasema:
Msonde, si wewe fundi vioo?
Nitengenezee kiko cha kioo.
Miaka hamsini navuta maji nisiyoyaona.

Nikacheka.
Yeye hakucheka.

Hapa Isevya mimi nauza unene.
Milimita tatu, dirisha la mpangaji.
Milimita tano, dirisha la mwenye nyumba.
Nane ni meza ya sebuleni, ya yule anayetaka
wageni waone zulia lake kupitia chini ya sahani.
Lakini tumbaku inataka milimita ngapi?
Hilo sijawahi kuulizwa, wala rula yangu ya chuma
haijui.

Nikavuta kreti la chupa kutoka uvunguni.

Ya kwanza ilikuwa ya mvinyo wa misa,
kitako kimebonyea ndani kama kitovu.
Niliigonga kwa ukucha: du. Haikujibu.
Nikasema, hii bibi hata ikidondoka itatoboa sakafu.
Aliinyanyua, mkono ukamtetemeka mpaka begani.
Kilo nzima, na maji bado.
Tena nikamweleza, maana kazi ni kazi:
kioo kinene hakiuawi na kuanguka,
kinauawa na moto. Ndani kunapata joto,
nje hakuna habari. Hapo ndipo kinapopasuka,
usiku, peke yake, bila kuguswa.

Kama babu yako, akasema,
akaisukuma pembeni.

Kulikuwa na chupa ya dripu, ya zamani za kioo.
Hiyo hakuigusa. Ilinusa Kitete, akasema,
na Kitete alishazika.

Chini kabisa, ndani ya gazeti,
chupa ya maabara ya shule: tumbo la mviringo,
shingo ndefu, nyembamba kama utando wa yai.
Niliigonga, ting,
muuza asali jirani akageuza shingo.
Si hiyo, nikasema. Mikono yako, bibi.
Si hiyo.
Yeye keshaomba maji.

Akajaza robo. Akachomeka digali la buyu lake,
akaziba mwanya kwa kitambaa kilicholowa,
akaweka mdomo kwenye shilamu
bila tumbaku, bila kaa, akavuta.

Koro koro koro.

Alifumba macho hata nikasahau bei.
Babu yako alilala chumba cha pili, akasema,
miaka ile tusiyosemeshana.
Asubuhi hakuniuliza umeamkaje.
Alisikiliza malio ya kiko.
Yakilia, anakohoa. Basi, tumeamkiana.
Buyu jembamba lilipita ukuta.
Lile nene alilonunua Urambo halikupita,
na siku tatu alidhani nimekufa,
akaogopa kufungua mlango.

Nilitoboa tundu la shilamu kwa keekee ya mkono,
mchanga laini na maji, nusu saa,
pumzi nazibana kama mwizi.
Halafu unene nikauongeza kwa nje:
mpira wa baiskeli, ukanda juu ya ukanda,
kamba ya katani, mafundo ya kufungia mizinga.
Acha kidirisha, akasema. Vidole viwili.
Nimekuja kuona maji.

Nikaacha.

Hela hakutoa. Aliniachia buyu,
sasa naweka misumari midogo.
Almasi yangu ya kukatia nayo imo humo,
inanuka tumbaku mpaka leo.

Jana alfajiri simu imelia, namba ya Sikonge.
Halo, nikasema. Halo, bibi?
Kimya cha mtu anayetafuta kiberiti.
Kisha, mbali, bila neno,
koro koro koro.

Nikakohoa.