Pua ya Kuazima

Bi Zuwena wa Jadida, Wete,
alipoteza pua mwaka wa ile homa.
Pua yenyewe ipo, na kipini chake cha dhahabu,
ila haileti habari.
Umpe kitunguu, umpe waridi,
atakwambia: vyote maji.

Naye ndiye mkaanga kahawa.

Kilo mbili tu kwa mkupuo, hazidishi.
Pipa lake lilikuwa tumbo la mashine ya kufulia;
Fundi Faki akalitia pedeli ya baiskeli,
likazunguka juu ya makaa ya vifuu.
Buni hutoka Mbinga, gunia limeshonwa uzi wa buluu,
limevuka maji likilaliwa na magodoro ya watu,
likifika linanukia majani makavu na safari.
Hayo maneno yangu. Yeye aliniuliza tu.

Maana baada ya homa aliniazima kwa mama
kama mtu aazimavyo mbuzi ya kukunia nazi:
kila Alkhamisi nikitoka skuli,
kabla ya chuoni, kabla hata ya kula,
nikae kigodani karibu na moshi
nimwambie.

"Sasa?"
Kama nyasi zilizofyekwa asubuhi.
"Sasa?"
Mkate wa mofa, ndo kwanza unashika.
"Sasa?"
Kama daftari jipya, Bibi.

Alicheka mpaka akaachia pedeli.
"Daftari! Nani atanunua daftari?"
Lakini aliliandika kwenye mfuko,
chini ya tarehe, kwa kalamu inayovuja:
Inanukia daftari jipya.
Mfuko ukaenda hoteli moja Unguja,
wakapiga simu, wanataka ile ile ya daftari,
gunia zima.
"Waambie gunia sina. Nina kilo mbili."

Msimu wa karafuu ndio ulionifedhehesha.
Mji umeanikwa, barabara yote mikeka,
na karafuu haimwachii mtu hewa.
Wenzangu wananipigia mluzi nyuma ya ukuta,
mpira wanao, mchezaji mmoja kapungua.
Nikasema: mofa bado, Bibi.
Bado. Bado mofa.
Nikasema bila kunusa.

Ndani ya pipa buni zikaanza,
ta,
ta-ta,
kama mtu anavunja njiti za kibiriti mfukoni.
Huo ufa wa kwanza, nao ni wa heri.
Zikanyamaza.
Kisha ukaja wa pili, mwembamba, wa haraka,
rasharasha juu ya karatasi.

Bi Zuwena akasimamisha mkono.
Hakuniangalia.
Akazimwaga zote kwenye ungo,
nyeusi, zinang'aa mafuta,
akapepeta, makapi yakamrukia ushungini,
akasema taratibu, kama anayehesabu chenji:
"Hizi mofa zimeipita zamani, mwanangu.
Mimi pua sina. Masikio ninayo."

Wale wa mpira wakaacha kupiga mluzi.
Walishapata mwengine.

Hakuzitupa. Alizitwanga,
akachemsha, hakutia tangawizi wala iliki ya kuzisitiri,
akanimiminia kikombe, naye akajimiminia chake,
akanywa uchungu ambao kwake ulikuwa umoto tu.
"Haya. Inasemaje?"
Nikasema kweli:
kama jiko lililozimwa kwa maji.
Akachukua ile kalamu, akaliandika na hilo,
akaupigilia mfuko mtupu ukutani juu ya mizani.
Wateja walipouliza bei
alisema huo hauuzwi, huo wa mtu.

Alkhamisi iliyofuata nilikuwa kigodani mapema,
pua imekaribia moto mpaka nyusi zinaniwasha.
Pipa likazunguka. Buni zikageuka manjano,
kisha rangi ya mchanga uliolowa,
na nje karafuu bado zimeshika mji.
Nikafumba macho nizivuke.
"Unasikia?"
Nasikia, nikajibu.
Mimi nilikusudia harufu.
Yeye alikuwa ameinamisha sikio.

Ta.